Kikombe Kilichoning'inia Nje

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilikuwa na kikombe changu mwenyewe katika nyumba ya watu. Kilikuwa cha plastiki, cha njano, kimechubuka mdomoni, na kilikaa chini ya meza ya cherehani ya Mama pamoja na cha kwake cha kijani. Nyumba ilikuwa ya Anti Saras, aliyemwajiri Mama kushona, huko Lenasia, kusini mwa Johannesburg, mahali ambapo Wahindi walilazimishwa kuishi enzi za ubaguzi na wengi wakabaki hata ulipokwisha. Mbele palikuwa na duka la sari, katikati jiko na vyumba, nyuma chumba cha kushonea, kisha ua wenye bomba. Juu ya bomba palikuwa na msumari ukutani. Kwenye msumari huo kilining'inia kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu, nacho kilikuwa cha Anko Muthu.

Vyetu vilikuwa ndani, cha kwake kilikuwa nje. Hakuna aliyenieleza sababu, na mimi sikuuliza upesi, kwa kuwa jambo lenyewe lilinipendeza. Nasema hivyo leo kwa aibu. Tulikuwa wageni kutoka Tanga, Waislamu, weusi, tunaoitwa majina mabaya hata na watoto wa shule, na hapa palikuwa na mtu ambaye chai yake ilimiminwa uani huku yetu ikimiminwa chini ya dari. Mtoto hahitaji kufundishwa kupanga ngazi. Mwonyeshe aliye chini yake tu.

Anti Saras hakuwa mtu mbaya. Viatu vyangu vya shule mwaka ule wa 2016 alivinunua yeye, na Baba alipochelewa kutuletea matumizi kutoka Diepsloot, kaskazini mwa jiji, alikokuwa na spaza, kiduka cha mtaani, Anti alituma sahani za wali na dengu bila kuombwa. Siku moja nilimuuliza kuhusu kile kikombe. Alikuwa akipima kitambaa, hakuinua macho.

"Mambo ya matabaka yalibaki India, mtoto wangu," alisema. "Babu zetu waliyatupa baharini, ndani ya meli. Hapa sote sawa. Kile ni kikombe chake tu, amekizoea."

Nilimwamini. Ilinifaa kumwamini.

Anko Muthu alikuwa mfagizi wa ua huo na wa hekalu lililokuwa mtaa wa pili, na mpiga ngoma wa mazishi na maombi. Mwembamba, masharubu ya mvi, mifuko imejaa karanga. Jina langu, Mwanaisha, lilimshinda ulimi, kwa hiyo aliniita Tanga. "Tanga, njoo utafune." Tuliongea kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, tukitia Kizulu pale kilipopunguka. Mchana, wakati Mama akishona, mimi nilikuwa uani naye, nikitazama anavyoipasha ngoma yake moto. Ilikuwa ngoma bapa, yenye ngozi ya ng'ombe, na kabla ya kuipiga aliwasha magazeti akaipitisha juu ya miali mpaka ngozi ikakaza. Ilikuwa hiyo ngozi iliyomweka nje, nilikuja kuelewa baadaye. Ukoo wake ulikuwa wa wachuna ngozi na wapiga ngoma tangu huko walikotoka. Waligusa vilivyokufa, kwa hiyo wengine hawakuwagusa wao.

Ni kwenye moto huo aliponisimulia habari za Mariamman, mungu wao wa kike, Mama wa ndui na mvua.

"Alikuwa mke wa kuhani mkubwa," alisema. "Mumewe akamkasirikia kwa kosa dogo, akamwamuru mwana wao amkate kichwa. Mama akakimbia. Kila mlango wa wakubwa ukafungwa. Akaingia upande wa watu wetu, na mwanamke mmoja wa kwetu akamkumbatia, asife peke yake. Kijana akafika. Panga moja, vichwa viwili."

Nikaacha kutafuna.

"Basi baba akalainika, akampa kijana maji ya kufufulia. Lakini kijana ana haraka, machozi yamejaa machoni. Akabandika vichwa kombo. Kichwa cha mama yake kikakaa juu ya kiwiliwili cha yule mwanamke wetu. Aliyeinuka ndiye Mariamman." Akaigonga ngozi kwa kidole kusikia kama imekaza. "Pale hekaluni wanaye wa jiwe, kichwa tu. Kila Ijumaa wanakiogesha kwa maziwa. Kiwiliwili ndicho hiki." Akajipiga kifua. "Mara moja kwa mwaka anakuja kukitafuta."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Kila mwaka, mwezi wa nane, katikati ya baridi kavu ya huko, watu wa hekalu walifanya maombi ya uji. Walipika masufuria ya uji wa mahindi uliochachushwa, na Mariamman akatoka kutembea mitaani. Alitembea ndani ya Anko Muthu. Haikuwezekana kuwa mtu mwingine. Tangu meli za wakata miwa zilipofika Natal, alipanda kichwa cha ukoo ule tu, wa wapiga ngoma, na hata wenye maduka matatu na magari mawili siku hiyo walimpigia magoti mfagizi.

Mama ndiye aliyeshona vazi. Sketi nyekundu yenye vipande kumi na viwili, mapindo ya manjano, na kamba ya kiunoni ya kubana sana ili isianguke mungu akicheza. "Sisi tunashona, hatuabudu," aliniambia, akiwa na pini mdomoni. Lakini mikono yake ilikuwa na adabu isiyo ya kazi tu, nami nilijua kwa nini. Mama yake, bibi yangu ambaye sikumkuta, alikuwa kiti. Kwetu Tanga mtu anayepandwa na pepo huitwa hivyo, kiti, kwa kuwa mwingine huja kumkalia.

"Nisikilize, Mwana," alisema. "Siku hiyo akishapandisha, usimwite Anko, usimwite Muthu. Kiti hana jina pepo akiwa juu. Ukimwita unamteremsha kabla ya wakati wake, na deni lake litakurudia mwilini. Bibi yako aliitwa hivyo na shoga yake, ngomani. Hakupandisha tena, na yule shoga aliugua mwaka mzima."

Anko Muthu mwenyewe, alipokuja kujaribu sketi, alisema vilevile kwa njia yake. "Tanga, siku hiyo mimi sipo. Usinitafute."

Kisha Mama akaenda kupasha pasi, na Anko Muthu akaniambia neno ambalo hakumwambia mtu mwingine, ninavyojua. Alikuwa akilitazama lile bomba.

"Mama yangu alifua nguo za nyumba hii miaka thelathini pale. Jiko lao alilijua kwa harufu tu, hakuwahi kukanyaga sakafu yake. Mariamman hupita kila nyumba, huoshwa miguu getini, hajawahi kuomba kitu." Akavuta kamba ya sketi, akaifunga fundo. "Mwaka huu nahisi atakuwa na kiu."

Sikuwa mjinga. Nilielewa anachokitaka. Mara nyingi nimejaribu kujidanganya kwamba sikuelewa.

Sasa Priya. Alikuwa mjukuu wa Anti Saras, umri wangu, nywele mpaka kiunoni, na siku njema tulikuwa marafiki. Siku mbili kabla ya maombi tulikuwa tukitenganisha vikonyo vya majani ya mwarobaini yaliyoletwa kwa basi kutoka Durban. Nikajitapa kwamba mimi namjua mungu wao, ananipa karanga.

"Huyo ni Muthu," Priya alisema. "Mariamman hakujui. Atatujua sisi. Wewe hata jina lako hawezi kulitamka."

Maneno ya kitoto, angeyasahau kufika jioni. Mimi nililala nayo.

Jumapili ile upepo ulivuma vumbi la nyasi zilizoungua. Mama na mimi tulifuata msafara nyuma tu ya wapiga ngoma, Mama ameshika kopo la pini na sindano yenye uzi mwekundu endapo mshono ungeachia. Nilimtafuta Anko Muthu nisimwone. Aliyetoka hekaluni alikuwa na uso wa manjano mbichi uliong'aa, macho yamezungushiwa wanja, majani ya mwarobaini yamebanwa kwenye meno, na kichwani, juu ya kata ya nguo, mtungi wa shaba uliofumwa maua. Hakuushika. Alitembea miguu mitupu kwenye lami ya baridi, njuga zikilia, na mtungi haukuyumba. Mabega yalikuwa ya mwanamke. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo, na nimeishi na jambo hili muda wa kutosha kulipatia maneno. Nilimjua yule mtu mpaka kovu la kidoleni, na yule hakuwa yeye. Pale kwenye njia panda robot, taa ya kuongozea magari, iliwaka nyekundu, naye hakusimama, magari ndiyo yaliyosimama.

Nyumba kwa nyumba walimwosha miguu kwa maji ya manjano. Wazee walilia. Mwanamke mmoja alimwekea mtoto mgonjwa njiani naye akamruka bila kumgusa, na mama mtu akashukuru kwa sauti. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Anti Saras.

Anti alipiga magoti getini na sari yake nzuri. Alimshika miguu ile kwa mikono miwili, mikono ambayo sikuwahi kuiona ikimpa Anko Muthu kitu isipokuwa kwa kukiweka chini kwanza. Aliiosha, akaifuta kwa ncha ya sari, akaweka paji la uso juu yake. Ndipo ile sauti ikatoka, nyembamba, ya kike, kwa Kitamil.

"Anasema ana kiu," Priya alininong'oneza.

Wakaleta jagi la shaba. Akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono kuelekea ndani, na watu wakaguna, kisha wakampisha. Alipita dukani katikati ya sari, akapita ukumbini, sisi nyuma yake tumebanana, njuga zikilia ndani ya nyumba. Akafika mlango wa jiko. Anti Saras alitangulia, akafungua kabati la vioo, akatoa kikombe cha fedha cha marehemu mumewe. Akakijaza. Alikuwa akilia na kucheka, na ninaamini mpaka leo kwamba alikuwa na furaha ya kweli. Akakinyoosha kwa mikono miwili. Mguu mmoja wa manjano ulikuwa tayari umekanyaga sakafu ya jiko.

Nilikuwa nimepenya mpaka mbele. Priya alikuwa kando ya bibi yake, amesimama upande wa ndani, wa wenye nyumba. Sikuogopa kitu, hakuna aliyenisukuma. Nilitaka Priya aone.

"Anko Muthu!" nikaita. "Ni mimi, Tanga!"

Njuga zikanyamaza. Kichwa kikageuka taratibu chini ya mtungi, na macho yale yakarudi kutoka yalikokuwa, nikayaona yakirudi, yakanitafuta mpaka yakanipata. Laiti angekuwa mtu mkali angenikaripia, na pengine mambo yangeokoka. Lakini alikuwa mtu mwema. Alitabasamu.

"Muthu?" alisema Anti Saras.

Alilisema kwa sauti yake ya siku zote, ile ya kuulizia majani yaliyoziba mfereji. Kile kikombe kikarudi kifuani mwake. Nyuma yangu mtu akasema, "Kumbe anajifanya," na neno likapita ukumbini mpaka barabarani. Anko Muthu alitazama mguu wake. Akaurudisha nje ya kizingiti, polepole, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa watu kwa viatu.

Walimpeleka uani. Mpwa wa Anti alilishika lile jagi la shaba juu, mbali na mdomo wake, akamimina, na Anko Muthu akayakinga maji kwa viganja akanywa. Maji yalipita kwenye manjano ya mikono yake, yakadondoka kwenye sketi aliyoishona Mama. Kikombe chake cha bati kilikuwa pale pale juu ya kichwa chake, kwenye msumari, na hata hicho hakuna aliyekumbuka kumpa.

Mama hakunipiga. Alinishika mkono mpaka tukafika kwenye chumba chetu cha kupanga, akafunga mlango, akasema, "Umemteremsha," kisha akakaa kitandani akiwa bado na kopo la pini. Kofi lingenifaa zaidi.

Wazee wa hekalu walikaa wakaamua kwamba mwaka ule Mariamman hakuja. Mwaka uliofuata mtungi ulipewa yule mpwa, kijana wa chuo, aliyejifunza kutembea nao kwa wiki sita na kuushika kwa mkono mmoja. Mama alikataa kushona vazi lake, akasingizia macho. Anko Muthu alibaki na ufagio na ngoma, na hakupandisha tena mpaka alipofariki mwaka 2019.

Deni nililisubiri, likaja. Wiki tatu baadaye mwili wangu ulijaa malengelenge. Daktari wa kliniki alisema ni tetekuwanga, imeenea shuleni, nusu ya darasa wanayo. Priya naye alikuwa nayo, na yeye hakumwita mtu. Nayajua hayo yote. Lakini nililala pale nikiungua, na kila lengelenge nililihesabu kuwa langu kwa haki, na bado sijaweza kumbishia yule mtoto aliyehesabu. Watu wa Mariamman husema ugonjwa ule ni yeye mwenyewe amekuja kukutembelea, na vipele ni lulu zake.

Siku ya nane, vipele vikianza kukauka, Anko Muthu alibisha hodi na fungu la majani ya mwarobaini na kopo la uji. Mama alimkalisha kwenye kiti chetu pekee. Alinipepea kwa yale majani, akiimba kitu chini chini.

"Usijikune," aliniambia. "Ni mgeni. Ataondoka mwenyewe akishiba."

"Umenikasirikia?"

"Uliniita. Mtu akiitwa huitika."

Nikamuuliza lile lililokuwa likinila. "Aliyekuwa na kiu ni yeye au ni wewe?"

Aligeuza fungu la majani upande wa pili, akaendelea kunipepea. "Mama yangu," alisema.

Nililia, naye akadhani ni kuwashwa. Sikumwambia kuhusu Priya. Miaka mitatu nilikutana naye karibu kila siku uani, nikala karanga zake, na sikumwambia kwamba nilimwita kwa ajili ya kujionyesha, nikijua vizuri anachokaribia kukipata. Kwa muda mrefu nilidhani hatia yangu yote imekaa hapo, kwenye lile jina, na ingekuwa hapo tu ningekuwa nimeshajisamehe. Mtoto huropoka. Lakini kuna jambo lingine la siku ile ile, nalo halina mungu wala pepo ndani yake.

Mama alimpa chai. Tulikuwa na seti ya vikombe sita vya udongo vyenye waridi na visahani vyake, vya wageni, alivyokuja navyo kutoka Tanga vimefungwa ndani ya kanga. Alimpa kimoja. Anko Muthu alikishika bila kunywa kwa kitambo, akakigeuza kutazama waridi upande wa pili, kisha akanywa polepole, akaomba cha pili. Sijapata kuona mtu akinywa chai vile. Alipoondoka Mama akasema, kwa kuwa nimeshapata nafuu ya kusimama, nisuuze vyombo.

Nilikiosha cha Mama. Nilikiosha changu. Nikakiosha cha Anko Muthu, nikakitazama, nikakiosha tena. Nikaenda kuchukua maji ya moto kwenye sufuria nikakimwagia, nikakisugua pale penye mdomo kwa kidole gumba. Huyu ndiye mtu aliyekuwa ametoka kunipepea.

"Mbona unakirudiarudia hicho tu?" Mama aliniuliza.

"Kwa sababu ya tetekuwanga," nikamwambia.

Mama alinisogelea. Kisha akanipokonya kile kikombe, akakimiminia chai iliyobaki kwenye birika, akaninyooshea. Nilikunywa nikiwa nimesimama, na yeye akisubiri. Tetekuwanga ilikuwa yangu. Anko Muthu hakuwa na ugonjwa wowote.